Funza wa Sebuleni

Chekeni sasa hivi mmalize, ndipo nianze. Maana kila nikisema nafuga funza, mtu hucheka kwanza, halafu hujikuna, halafu huinuka kidogo kukagua kiti alichokalia. Mimi nimezoea. Mtaani huku wananiita Mama Funza, wanadhani sijui.

Tuelewane mapema: hawa si wale funza wa miguuni. Hawa ni funza wa unga, wasafi, wakavu, rangi ya mkate ulioiva, urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Hawaumi, hawanuki, hawana neno na mtu. Kazi yao ni kula pumba za ngano na vipande vya karoti, basi. Akishashiba maisha yake yote, funza anajikunja, anakaa kimya kama mtu aliyesusa, halafu siku moja anatoka mdudu mweusi mwenye gamba gumu, anataga mayai, na mambo yanaanza upya. Wale weusi unawatenga kwenye trei yao, la sivyo wanakula mayai yao wenyewe, hawana adabu kabisa. Wanene wanakwenda kwa kuku wangu. Kuku wangu wakisikia trei ikigongwa wanakuja mbio mpaka wanakanyagana, na mayai yao kiini chake ni cha njano ya kukufanya ukae chini kwanza.

Sasa mtaniuliza, kwa nini sebuleni? Haya. Sebule yangu imepakana ukuta na tanuri la jirani yangu, mwokaji mikate. Upande wake moto, upande wangu uvuguvugu mtamu mchana na usiku, na funza wa unga anapenda joto. Chumbani kwangu walikuwa wanazubaa tu, hawakui, hawafi, wananitazama. Nilipowahamishia kwenye ukuta ule, ehee! Wakanenepa mpaka nikaona aibu. Nikatengenezewa kichanja cha mbao chenye rafu, kila rafu ikabeba trei zake za plastiki.

Na plastiki yenyewe lazima iwe laini. Hiyo ndiyo siri ya kazi nzima, wala siifichi. Funza wa unga hawezi kupanda plastiki laini. Anateleza, anarudi chini, anajaribu tena, anateleza tena. Huhitaji kifuniko. Lakini kitu chenye nyuzi kikigusa ndani ya trei, iwe kamba, iwe gunia, iwe upindo wa nguo, umewapa ngazi. Niliwahi kusahau kipande cha gunia mara moja tu, nikawaokota mpaka ndani ya viatu. Tangu hapo nyumba yangu ina sheria moja: nyuzi zisisogee karibu na trei.

Dada yangu hakuijua sheria hiyo, kwa sababu hakutaka kujua lolote linalohusu funza. Ndiye aliyenilea, mama alipotutoka nikiwa mdogo. Alinisuka, alinichapa, alinipeleka shule, alilia kwenye harusi yangu na alilia zaidi nilipofiwa na mume. Haogopi mbwa, haogopi ngurumo, haogopi kumwambia mtu mzima ukweli mbele za watu. Ila funza! Akija kwangu hupita sebuleni amebana gauni lake kwa mikono miwili, macho juu darini, mpaka jikoni.

Basi akaja Bwana Mabwawa.

Huyu ni mfuga samaki, ana mabwawa yake nyuma ya kiwanda cha matofali. Mjane kama mimi. Alisikia kwamba samaki wadogo hukua vizuri wakichanganyiwa funza, akaja kununua mkebe mmoja. Mtu mrefu, mpole, kofia ya majani mkononi. Wengine wote wakiingia sebuleni kwangu hurudi hatua moja nyuma. Yeye alisogea mbele, akainama, akaweka sikio karibu na trei. Maana wakiwa wengi wana sauti, ile chakarachakara laini, kama mtu anayepangusa meza kwa karatasi.

"Wanasemaje?" akaniuliza, uso mkavu kabisa.

"Wanalalamika karoti zimechelewa."

Akacheka. Jamani, kile kicheko! Kinaanzia tumboni, kinakwama kooni, halafu kinatoka kwa mikupuo, fyu, fyu, fyu, utadhani mtu anajaza upepo baiskeli. Na mimi nikicheka huwa sijui kunyamaza. Tukacheka pale, watu wazima wawili mbele ya trei za funza, mpaka mwokaji akagonga ukuta kuuliza kama kuna mtu anaumwa.

Akanunua mkebe mmoja. Baada ya siku mbili akarudi, mkebe mmoja. Siku mbili nyingine, huyo tena. Nikamwambia, bwana wee, chukua gunia zima upumzike. Akasema samaki wake wanapenda vitu vibichi. Dada, aliyekuwa jikoni, akapaza sauti: "Samaki gani hao? Wanafanya sherehe kila siku?" Mwenye macho haambiwi tazama.

Sitazunguka. Nilimpenda. Nilianza kupaka mafuta mikono kabla ya kuchekecha pumba, nilianza kuimba kuku wakinitazama kwa mashaka, nilisikia lango likilia nikamwaga karoti. Kwa umri huu! Nilikuwa nimeshaamini kwamba mambo hayo yalikwisha kunipita, kumbe yalikuwa yamekwenda kufunga kamba za viatu tu.

Siku moja akasimama mlangoni, kofia anaizungusha mikononi, akasema, "Bibie, ningependa Sista aje akuone."

Sista ni dada yake. Alikuwa muuguzi mkuu, amestaafu, lakini kila mtu, na mdogo wake vilevile, bado anamwita Sista, maana hakuna aliyewahi kuthubutu kuacha. Wazazi wao walifariki mapema, akamlea yeye. "Alinibeba mgongoni akienda zamu," aliniambia. "Sista akikataa, sitaweza, bibie. Siwezi kumvunja moyo yule." Akasema kwa upole, na nikaona kwamba ndivyo ilivyo, hakuna rufaa.

Nikauliza huku na huku. Nikaambiwa Sista ameshakataa wanawake wawili. Mmoja, walisema, kwa sababu aliongea mno. Mwingine kwa sababu hakuongea. Mimi nikajiona nimeshakataliwa hapohapo, kwa kuwa siku njema naongea mno na siku mbaya siongei kabisa.

"Tunawaficha," alisema Dada.

"Nani?"

"Unajua nani. Hao wadudu wako. Mwanamke ameshinda hospitali maisha yake yote akipambana na uchafu, umkaribishe na funza ukutani? Utakuwa wa tatu wewe."

"Si uchafu! Na mficha uchi hazai, Dada."

"Kwa umri wako hutafuti kuzaa, unatafuta mume. Ficha!"

Tuligombana siku nzima. Nilimwambia siwezi kuwatoa kwenye ukuta wa joto, wengi walikuwa ndiyo kwanza wanajikunja, wangezubaa nikarudi nyuma mwezi mzima. Mwisho nikachoka, nami moyoni niliogopa vilevile, nisijifanye shujaa. Nikakubali tutundike shuka moja kubwa mbele ya kichanja, kutoka juu mpaka chini, kama pazia, isiguse kitu. Nikasema mara mbili: isiguse kitu. Nikaenda kuoga.

Kumbe Dada alitundika shuka, akarudi nyuma, akatazama, akaona inafanana na mahali wanapolaza maiti. Akaitoa. Akafungua sanduku lake alilokuja nalo, akatoa vitambaa vyake vya kufuma, vile vya thamani, vyeupe, vyenye maua, alivyovifuma kwa miaka mingi na ambavyo havijawahi kukanyaga kochi la mtu. Akafumba macho, hivi ndivyo alivyonieleza baadaye, akafumba macho kabisa, akatandika kila trei kitambaa chake. Na kwa kuwa yeye ni mtu wa unadhifu, akachomeka pindo ndani kwa nyuma, visipeperuke, na mbele akaviacha vining'inie kwa madaha mpaka kwenye mgongo wa kochi.

Yaani ngazi. Alifuma ngazi kwa miaka, akazitandika siku hiyo, kila trei na ngazi yake, zote zikishukia kochi la wageni.

Na siku hiyo mwokaji alikuwa na oda kubwa. Tanuri lilikuwa linawaka tangu alfajiri, ukuta unatoa joto la kukaushia nguo. Funza wa unga akipata joto anachangamka. Akifunikwa gizani anachangamka zaidi. Mimi nilikuwa bafuni najipaka sabuni na kuimba.

Wageni walifika mapema, muuguzi ni muuguzi. Nilitoka na sinia la chai nikawakuta wameshakaa. Bwana Mabwawa alikuwa kwenye kiti cha pembeni, suti ya kahawia, amekakamaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Na Sista, mgongo umenyooka, leso nyeupe mkononi, viatu vinang'aa, alikuwa katikati ya kochi, chini ya kichanja barabara. Dada alimweka pale kwa heshima, ndipo penye joto.

"Karibuni sana," nikasema. Nikatazama kichanja kwa jicho la pembeni, nikaona weupe na maua. Nikasema moyoni, Dada ana mikono jamani. Sikuona pindo.

Chai ikamiminwa. Mkate mtamu wa jirani ukakatwa. Sista alinitazama kuanzia kwenye kichwa mpaka kwenye kucha, macho yakakaa kwenye kucha muda mrefu.

"Nasikia unafuga."

"Kuku," akajibu Dada kabla sijafungua mdomo. "Na anajishughulisha na lishe."

"Lishe ya nani?"

"Ya... kwa ujumla," alisema Dada. "Lishe ya jumla."

Bwana Mabwawa alitazama ndani ya kikombe chake. Yule mtu aliyekuwa anajaza baiskeli upepo kila siku mbili sebuleni mwangu alikuwa amekauka kama kipande cha ubao. Nikaogopa. Nilidhani amebadili mawazo.

Sista aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Mvua inanyesha?"

Tukatega masikio wote. Chakarachakara, chakarachakara.

"Ni jirani," alisema Dada. "Anachekecha unga."

"Ukuta huu ni mwembamba."

"Mwembamba mno, Sista. Nyumba za siku hizi."

Hapo ndipo nilipomwona wa kwanza. Alikuwa ametokeza kwenye tundu la ua la kitambaa, juu kabisa, kichwa nje, anatafakari. Kitambaa cha kufuma ni matundu matupu, kila tundu ni daraja la kukanyaga. Akashuka tundu moja. Nyuma yake akatokeza wa pili. Nikafuata uzi kwa macho mpaka juu, nikaona pindo limechomekwa ndani ya trei, nikatazama trei ya pili, ya tatu, zote, na damu ikanihama mwilini. Nikamwangalia Dada. Dada alikuwa anatabasamu, hajui kitu, anamwongezea mgeni mkate.

"Sukari!" nikasema, nikaruka.

"Ninayo," alisema Sista.

"Ongeza!" Nikainama juu yake na bakuli la sukari mkono mmoja, na kwa mkono mwingine, nyuma ya bega lake, nikamnyakua yule wa kwanza. Nikamnyakua na wa pili. Nikarudi kukaa na funza wawili kwenye ngumi. Gauni langu jipya halina mifuko. Nikakohoa, nikageuka, nikawatia pale mwanamke anapotia vitu akikosa mfuko. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ingawa sidhani walikuwa na maana hii.

Nikainua uso. Bwana Mabwawa alikuwa ananitazama. Akatazama kichanja. Akaona. Masharubu yake yakatikisika mara moja tu, halafu akainuka taratibu, akaenda kusimama nyuma ya kochi, kofia mkononi.

"Kaa," alisema Sista.

"Nanyoosha mgongo, Sista." Na nyuma ya kichwa chake nikaona mkono mrefu ukitembea juu ya kitambaa, ukichuma kama mtu anayechuma pilipili, na kofia ikipokea chini yake.

Tulifanya kazi jamani! Nilipeleka chai, nikachuma. Nilipeleka leso, nikachuma. Nilisifia hereni za Sista ili nipate sababu ya kusogea sikioni. Kila tulipokutana nyuma ya kochi, yeye akinisogezea kofia na mimi nikimwaga mzigo wangu humo, nilitamani kuzimia na kucheka kwa pamoja. Lakini wao walikuwa wanakuja wengi kuliko mikono yetu. Wengine walishafika mgongoni mwa kochi, wanatalii.

"Mbona nyumba hii watu hawatulii?" alisema Sista, akaweka kikombe. "Nimekuja kuzungumza. Keti, mama. Na wewe keti."

Tukaketi. Nikaona mmoja, mnene, mzuri, mfugaji yeyote angejivunia, ananing'inia kwenye uzi wa mwisho wa kitambaa. Akaachia. Akaanguka juu ya mkono wa Sista, kwenye mgongo wa kiganja, akajinyoosha.

Sista alimtazama. Huyu ni mwanamke aliyeshona vidonda, aliyepokea watoto gizani, aliyezima vurugu wodini kwa kukohoa tu. Alimtazama kwa utulivu mkubwa, nami nikapata tumaini kidogo.

Halafu akapiga yowe.

Mwokaji aliacha tanuri, aliniambia baadaye. Sista aliruka juu ya kochi na viatu vyake vinavyong'aa, kwa wepesi ambao sikuutegemea, akasimama juu ya mito akikung'uta mkono. Dada akageuka kuona kuna nini, akaona ni nini, akatoa yowe la kwake, akaruka naye. Akiwa hewani alitafuta pa kushika, akashika kitambaa. Kitambaa kikaja. Trei ikaja na kitambaa. Pumba, karoti, funza, wote wakamwagika sakafuni kama mtu aliyepindua gunia la mchele, na juu ya kochi wakabaki wanawake wawili wazima wamekumbatiana shingoni, hawajuani hata saa moja, wanapiga kelele kwa zamu.

"Nini hiki?" alilia Sista. "Nini hiki?"

Kwisha, nikasema moyoni. Nimekwisha. Ni wa tatu mimi. Na mimi nikishakwisha, hasira zangu huwa zinapata nafasi.

"Ni funza!" nikasema. "Nafuga funza, Sista! Si lishe ya jumla, ni funza wa unga, ninao sebule nzima, nawapenda, na hawa unaowakanyaga kwa macho walikuwa wanene kuliko wote! Nimewaficha kwa sababu niliogopa utanikataa. Sasa nikatae, lakini ukishuka angalia unapoweka mguu, wengine wako kwenye kujikunja na wakikanyagwa ndiyo basi!"

Nikapiga magoti, nikaanza kuokota. Machozi yalikuwa yananitoka, nasema wazi, yalinitoka, nami naokota huku namwagia funza machozi, jambo ambalo si zuri kwao, hawapendi majimaji. Nikaingia chini ya meza nisionekane.

Huko chini nikagonga kichwa cha mtu.

Bwana Mabwawa alikuwa ameingia kwa upande wa pili, kwa magoti, na suti yake ileile ya kahawia, kofia imejaa. Alikuwa na funza mmoja juu ya sharubu. Sijui alifikaje. Tukatazamana.

"Wanasemaje?" akanong'ona.

Nikajifuta uso. "Wanasema... wanasema kochi lenu lilikuwa zuri."

Ikaanza tumboni kwake. Nikaiona inapanda. Ikakwama kooni, akajitahidi kuizuia, mashavu yakajaa, macho yakatoka, halafu ikafyatuka: fyu! fyu! fyu! Akalala ubavu chini ya meza, anacheka, meza inatikisika, vikombe vinalia. Na mimi nikashindwa. Nikacheka na machozi yangu yaleyale, nikacheka mpaka ule mzigo wangu wa kwanza ukaanza kunitekenya kifuani, nikacheka zaidi.

Ilipita muda kabla sijagundua kwamba juu ya kochi kumekuwa kimya.

"Dada mtu," sauti ya Sista ilisema, ndogo mno. "Unasikia?"

"Nasikia nini?" alisema Dada. "Wanapanda?"

"Hicho kicheko."

"Ah, hicho. Ndiyo kawaida yake."

"Kawaida yake?" Nikatoa kichwa chini ya meza. Sista alikuwa bado amemshika Dada shingo, lakini hakuwa anatazama sakafu tena. Alikuwa anatazama miguu mirefu ya mdogo wake iliyotokeza chini ya meza. "Tangu tumzike mkewe hajacheka. Nimempikia, nimemsimulia. Nimemwigizia mpaka daktari mkuu wetu alivyokuwa anatembea, mimi na heshima zangu. Anatabasamu tu kunifurahisha. Nilidhani kile kicheko kilikwenda na marehemu. Wale wawili niliowakataa, watu wamesema mengi. Niliwakataa kwa sababu alikaa mbele yao kama alivyokaa hapa leo na kikombe chake. Nilikuwa nimeshatafuta maneno ya kukuaga, mama."

Sikuwa najua. Haki ya Mungu sikuwa najua. Mimi nilidhani ni mtu wa kucheka tu, kama wengine walivyo watu wa kunywa maji mengi.

"Mbona hapa anacheka kila akija?" nikasema.

"Anakuja mara ngapi?"

"Kila siku mbili!" Dada alijibu, furaha imempanda ghafla, amesahau mahali alipo. "Kila siku mbili, mkebe mmoja! Nikasema mimi, samaki gani hao!"

Sista aliangalia leso yake nyeupe pande zote mbili kwanza, ndipo akajifuta macho. "Na mimi ananiambia anakwenda kupima maji ya mabwawa," alisema. "Nikasema, maji haya yanapimwa sana."

Chini ya meza kulikuwa kumetulia. Nikarudi huko. Bwana Mabwawa alikuwa ameketi amejikunja, magoti kidevuni, kofia ya funza mapajani, macho yamelowa. Hakuwa anacheka tena.

"Bibie," alisema polepole. "Nilikusudia kusema kwa heshima, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nilikuwa nimepanga maneno."

"Yako wapi?"

"Yamepotea. Utanikubali?"

Nikamtazama, nikatazama pumba kwenye mikono ya suti yake. Nilitaka kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo, lakini mimi ndivyo nilivyo, maneno makubwa yakija natafuta dogo la kutangulia.

"Mnanong'ona nini huko chini?" alipaza sauti Sista.

"Ananiuliza kama nitamkubali!"

"Nawe umesemaje?"

"Nimesema amshike kwanza yule aliye karibu na goti lake, anaingia kwenye soksi!"

Juu ya kochi kukawa na mtikisiko, mito ikalia. Nikasikia Dada anasema, "Ndivyo alivyo, Sista, usimjali, nimemlea mwenyewe, moyo wake mzuri." Nikasikia Sista anajibu, "Wangu naye ndivyo alivyo." Halafu sauti ile ya wodini ikarudi, ile ya kumwamsha mgonjwa na jirani yake.

"Mkubalie basi, mama, tushuke!"

Nikamkubali. Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa, ili huko juu wasikie, na ukutani mwokaji akagonga mara tatu, sijui kwa furaha au kwa kuuliza kama kuna aliyekufa. Bwana Mabwawa alinishika mkono wenye pumba kwa mkono wake wenye pumba. Tukakaa hivyo chini ya meza, hatuna haraka.

Lakini hawakushuka. Dada alikuwa ameshaanza kupanga wageni na viti vya harusi, akiwa palepale juu, amemshika Sista kiuno asianguke, na Sista alikuwa ananyoosha kidole sakafuni.

"Bado mmoja pale," alisema. "Na yule. Na yule mwenye afya."